Tipa limegoma kushusha bodi: jinsi ya kuirudisha chini kwa mkono

Bodi ya tipa ikikwama juu, ushauri wa kwanza kutoka kwa wapita njia huwa ni uleule: "Legeza hosi, itashuka." Ni kweli itashuka, ila itashuka yote kwa mkupuo, na aliyeshika spana atakuwa katikati ya bodi na chesisi. Mwongozo huu ni kwa madereva, utingo na mafundi wa matipa makuukuu na matrela ya trekta yanayobeba mchanga wa makorongo, kokoto na udongo wa kujazia Dodoma mjini, Chamwino na Bahi, au mahindi kuelekea soko la Kibaigwa. Lengo ni bodi irudi chini polepole, bila mtu yeyote kuwa chini yake.

Kinachoishikilia bodi

Karibu jeki zote za matipa zinasukumwa na oili upande mmoja tu. Zinapanda kwa nguvu ya pampu na kushuka kwa uzito wa bodi yenyewe. Kwa hiyo kushusha hakuhitaji nguvu ya pampu. Kunahitaji njia wazi ya oili kurudi kwenye tangi, na uzito wa kuisukuma. Bodi isiposhuka, ama njia imefungwa mahali fulani, ama uzito haufiki kwenye jeki kwa sababu kuna kitu kimekaza. Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Mitambo unayokutana nayo zaidi ni ya aina mbili. Matipa ya Kijapani ya zamani, yaani Isuzu, Fuso, Nissan Diesel na Hino, mengi yana jeki fupi chini ya bodi, ikishirikiana na mikono ya chuma. PTO (kifaa kinachochukua nguvu ya gia boksi kuzungusha pampu) na valvu ya kushushia huvutwa kwa kebo kutoka kwenye kabini. Matipa makubwa ya matairi 10, mengi yakiwa HOWO, yana jeki ndefu ya vipande vinavyoingiana, imesimama nyuma ya kabini. Hayo huongozwa kwa upepo: kishikio kidogo kabini kinapeleka upepo kwenye valvu kupitia mirija myembamba ya plastiki, na valvu ndiyo inayofungua njia ya oili. Jua tipa lako ni la aina ipi kabla ya kuchukua spana.

Usidharau bodi tupu. Chukua bodi ya tani 4. Upande wa mbele, pale jeki inapobeba, kuna kama tani 2. Uzito huo ukikaa juu ya kipande chembamba cha jeki chenye kipenyo cha sm 10, presha ndani ni kama bar 25. Oili yenye presha ya bar 7 tu, ikitokea kwenye tundu dogo kama la sindano, inaweza kupenya ngozi. Tundu la aina hiyo litafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole. Na mtu akichomwa na oili, hata kama kidonda kinaonekana kama alama ya mwiba, apelekwe hospitali yenye upasuaji saa ileile na amweleze daktari kwamba ni oili ya haidroliki. Ndani ya mkono oili inaendelea kuharibu nyama wakati nje hakuna cha kuonekana.

Mambo ya kufanya kabini kwanza

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo usiruke. Watu wote wasogee mbali, dereva peke yake abaki kabini.

Angalia geji ya upepo. Ikiwa chini ya bar 6, acha injini ijaze, kisha jaribu tena. Kanyaga krachi, toa PTO, peleka kishikio kwenye kushusha, subiri dakika nzima. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma oili nzito hujivuta, na dereva mwenye haraka hudhani tipa limeharibika kumbe oili ni ya baridi tu.

Kisha zima injini na usikilize. Mwenzako asimame mbali ubavuni, wewe upeleke kishikio kwenye kushusha mara tatu. Upepo ukisikika unavuja nyuma ya kabini, mrija umepasuka au umechomoka. Kama hakuna mlio wowote, upepo hautoki kabini kabisa: shida ni kishikio chenyewe au mrija uliobanwa. Mlio mfupi wa kawaida ukisikika na bodi isitikisike, upepo unafika ila valvu imekwama au oili imezibiwa mbele yake. Kwa tipa la kebo, pima kwa mkono. Kishikio kikiwa chepesi kupita kawaida, kebo imekatika au imechomoka. Kikiwa kigumu kama kimechomelewa, kebo imeshika kutu ndani ya ganda lake.

Sasa liangalie tipa kwa nje, kutoka mbali. Limeinama upande? Tairi za upande mmoja zikizama kwenye mchanga wa korongo, chesisi inajipinda, bodi inavutwa pembeni na pini za nyuma zinakaza. Kuna mzigo umeganda ndani? Udongo wa mbuga kutoka Bahi ukiwa na maji hung'ang'ania sakafu ya bodi kwa namna ya ajabu. Ukigandia nyuma karibu na mlango, uzito mwingi unahamia nyuma ya pini na kinachosukuma jeki kurudi kinapungua sana.

Kuna mtindo wa kurudi nyuma kwa kasi na kufunga breki ghafla ili bodi "istuke". Achaneni nao. Bodi ikiwa juu, tipa zima halina mizani. Kinachopatikana ni jeki iliyopinda au gari lililolala ubavu. Upepo wa kiangazi wa Dodoma nao unahesabika, kwa sababu bodi tupu iliyosimama ni tanga la chuma. Ukivuma kwa nguvu, subirini utulie.

Kuandaa eneo

Breki ya mkono, kabari ngumu mbele na nyuma ya tairi, ufunguo mfukoni mwa anayefanya kazi na si kwa mtu mwingine. Watu wakae mbali kwa urefu wa bodi kila upande, na zaidi ya hapo nyuma. Tazama juu. Kama bodi imegusa waya wa umeme au iko karibu nao, kazi imeisha kwako: dereva abaki kabini, wengine wasiguse gari, TANESCO waitwe. Akilazimika kutoka kwa sababu ya moto, aruke mbali miguu ikiwa pamoja, asishike gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza hatua fupifupi.

Tayarisha ndoo au madumu. Jeki ya mbele yenye wastani wa kipenyo cha ndani cha sm 15, ikinyooka mita 4, ina oili kama lita 70. Ukifungua hosi hizo zote zinatafuta pa kwenda. Ndoo 4 za lita 20 zinatosha kwa shida. Pipa moja safi ni bora. Miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi si mapambo hapa.

Kama mzigo bado umo, uondoe kwanza. Asipande mtu ndani ya bodi iliyoinuliwa kuchokoa udongo kwa beleshi, hata akiwa mwepesi kiasi gani. Tumieni kijiko (mashine ya kuchimbia), kikivuta kutoka ubavuni. Mlango wa nyuma uliobana ufunguliwe kwa kamba ndefu, anayevuta akiwa pembeni na si nyuma.

Tipa la kebo: kusukuma valvu kutoka nje

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowakuta wengi wenye matipa ya zamani. Kebo ikikatika, valvu bado ni nzima. Unachofanya ni kuisogeza wewe badala ya kebo.

Ukiwa nje ya chesisi, upande wa gia boksi, mulika kwa tochi utafute pampu. Utaiona ikiwa na hosi nene mbili na mkono mdogo wa chuma ubavuni, wenye tundu ambalo kebo inaunganishwa kwa pini na klipu. Tazama pale kwa makini: mara nyingi klipu imechomoka, pini imedondoka, na kebo inaning'inia ikiwa salama kabisa. Huo mkono una nafasi tatu: kupandisha, kushikilia na kushusha. Fuata mwelekeo wa kebo ujue upande wa kushusha. Kosa hapa haliipandishi bodi, kwa kuwa injini imezimwa na PTO imetolewa, na ndiyo sababu umevizima.

Chukua nondo au bomba la mita 1.5 hadi 2. Simama nyuma ya kabini, mwili wote ukiwa nje ya mstari wa chesisi, kichwa na mabega visiingie chini ya bodi hata kidogo. Sukuma mkono wa valvu kidogokidogo kuelekea kushusha. Bodi ikianza kutambaa, shikilia hapo. Ikienda kasi, rudisha. Kama mkono hauonekani bila kuingia chini, usiingie. Ama fungeni kamba kwenye ndoana ndefu na kuunasa mkono huo kutoka nje, ama nendeni kwenye njia ya winchi (kreni) iliyoelezwa mbele.

Mkono ukigoma kusogea, usiupige nyundo. Kiini cha valvu kimeshikwa na uchafu, na kikiachia ghafla bodi inaanguka. Hiyo nayo ni kazi ya winchi.

Tipa la upepo

Mrija uliopasuka hutengenezwa pale pale. Kata sehemu mbovu kwa kisu kikali, kata iwe nyoofu, unganisha kwa kiungio cha kusukumia cha kipenyo kilekile, kwa kawaida mm 6 au 8. Vipande viwili vya kiungio hicho kwenye boksi la vifaa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na siku nzima ya tipa kusimama. Kufunga kwa mpira wa tyubu kunaweza kukusaidia kushusha mara moja. Usipandishe tena kwa mrija wa hivyo.

Kama kishikio cha kabini ndicho kibovu, upepo unaweza kupitishwa pembeni. Fuata mrija wa kushusha kutoka kabini hadi mahali unapopita nje ya chesisi, ukate hapo, uunganishe mrija mrefu wa mita 5 au zaidi wenye koki, na uulishe upepo wa bar 6 kutoka kompresa au gari jingine. Unafungua koki ukiwa mita 5 mbali. Usiukate karibu na valvu chini ya bodi, na hakikisha ni mrija wa kushusha. Alama ya kuutambua: mwenzako akipeleka kishikio kwenye kushusha, wa kushusha ndio unaojaa au kutoa mlio wa upepo pale ulipolegezwa. Kama kishikio kimekufa kabisa, usibahatishe. Fuata mrija kwa mkono hadi mwisho, sehemu zinazofikika kutoka nje.

Upepo ukifika kwenye valvu na bodi bado haishuki, basi ni valvu, chujio la kurudishia lililojaa, au hosi iliyochanika kwa ndani. Hiyo ya mwisho huwachanganya wengi. Hosi kwa nje ni nzima, lakini ngozi yake ya ndani imebanduka na kujikunja. Oili ikipanda inailaza, ikirudi inaifumua na kuziba njia. Tipa linapanda vizuri kabisa na kugoma kushuka.

Njia ya winchi

Njia ikiziba, jeki ikishika au valvu ikikwama, kanuni ni moja: ondoa uzito kwenye jeki kwanza, ndipo uguse haidroliki. Kwenye maeneo ya ujenzi kama Mtumba kijiko hakiko mbali, ila winchi lenye ndoano ndilo bora, kwa kuwa linashusha taratibu na kwa kipimo.

1. Fungeni mikanda ya kunyanyulia au minyororo yenye maandishi ya uwezo wake kwenye kona mbili za mbele za bodi. Kwa bodi ya tani 4 iliyo tupu, mbele panabeba kama tani 2. Tumieni mikanda ambayo kila mmoja peke yake unaweza kubeba zaidi ya hiyo. Kamba ya katani na waya wa kuvutia magari havikubaliki.

2. Winchi livute hadi uzito uwe juu yake, basi. Likizidisha linaivuta jeki kupita mwisho wake. Dalili kwamba uzito umehama ni pini ya juu ya jeki kuanza kucheza.

3. Wekeni nguzo ya bodi. Kama haifikii urefu huo, pangeni mataruma au magogo manene ya mbao ngumu kwa kupishana, kutoka kwenye boriti za chesisi hadi kwenye boriti za bodi, pande zote mbili. Mawe na matofali hupasuka, msiyatumie. Nguzo ya kiwandani nayo imetengenezwa kwa bodi tupu tu.

4. Sasa mtu mmoja alegeze nati ya hosi upande wa valvu au pampu, ikiwa imefunikwa kwa matambara. Robo mzunguko, asubiri. Oili itatiririka kisha itulie. Ikiendelea kuruka kwa nguvu, uzito bado uko kwenye jeki: kaza tena, rudini hatua ya 2.

5. Presha ikiisha, atoe hosi, aunganishe mahali pake hosi ndefu yenye koki mwishoni, ielekee kwenye pipa lililo nje kabisa. Koki ifungwe.

6. Watu watoke. Nguzo na magogo viondolewe kwa kuvutwa kutoka pembeni. Hapo koki ifunguliwe nusu na winchi lianze kushusha, kwa kuongozwa na mtu mmoja tu anayetoa ishara.

Wakati bodi inashuka, macho yawe kwenye vipande vya jeki. Kwenye jeki nzima, kipande chembamba kabisa cha juu huingia kwanza, kisha kinachofuata. Kipande kinene kikianza kuingia huku chembamba kimesimama, chembamba kimekwaruzika au kimepinda. Bodi ikishuka na jeki isirudi, simamisheni mara moja, kwa sababu jeki itakunjika. Hapo jeki ifungwe mkanda wake yenyewe, pini ya juu itolewe bodi ikiwa imeshikwa na winchi, jeki iegemezwe mbele, kisha bodi ishushwe peke yake. Kwa kazi hiyo mwiteni fundi wa jeki, si wa injini.

Trela la trekta

Hapa kosa linalotawala ni kapula, kile kiungio cha haraka kati ya hosi ya trela na trekta. Ndani yake kuna kigololi chenye springi. Kapula isipoingia hadi mwisho, oili ya kupandisha hukisukuma kigololi na kupita. Ikirudi, kigololi kinafunga. Trela linapanda bila shida, halishuki. Angalia kola ya kapula: iliyoingia sawasawa imerudi mbele kabisa na haichezi, iliyoingia nusu imesimama katikati na mara nyingi ina vumbi jekundu au mabaki ya mahindi kwenye mfereji wake.

Jaribu kwanza kupandisha kidogo sana, kisha rudisha kishikio cha trekta kwenye kushusha na subiri. Isiposaidia, na kapula haikubali kusukumwa kwa sababu presha imenaswa, una bahati moja: mwisho wa hosi uko kwenye trekta, mbali na bodi. Trela likiwa tupu na watu wote wakiwa mbali, funika nati iliyo nyuma ya kapula kwa tambara nene, simama upande wa tairi la trekta usioelekeana na nati, ilegeze robo mzunguko na uache oili itoke yenyewe kwa kuchuruzika. Ikiruka, kaza. Kushuka kwa dakika 10 ni mwendo mzuri.

Trela dogo lenye pampu ya umeme ya volti 12 lina njia nyepesi zaidi. Betri ikifa, tafuta kitufe au kichwa cha kuzungusha kwenye valvu ya kushushia, karibu na tangi la pampu. Mara nyingi hubonyezwa na kuzungushwa kinyume cha saa. Ukimaliza kukirudisha bila kukaza vizuri, siku ya pili trela halitapanda na utailaumu pampu.

Bodi ikishakuwa chini

Usipakie siku hiyo. Oili iliyotoka isirudishwe kwenye tangi kama imeona vumbi. Mchanga mwembamba wa hapa ndio unaokwaruza jeki na kukwamisha valvu. Na isimwagwe korongoni.

Safisha au badilisha chujio la kurudishia. Angalia pumulio la tangi, kale kakifuniko kenye matundu. Vumbi likiliziba, tangi halipumui, na oili inayorudi inakutana na hewa iliyobanwa. Piga grisi pini za nyuma hadi ile ya zamani itoke kwa pembeni. Pini isiyotoa grisi upande mmoja imeziba na ifunguliwe. Kebo iliyoshika kutu ibadilishwe yote pamoja na ganda lake, maana kuipaka oili kunakupa wiki chache tu.

Jaribu bodi tupu kwenye ardhi ngumu iliyo sawa: ipandishe robo, ishushe, nusu, ishushe, kisha yote. Ikisita mahali palepale kila mara, tatizo ni jeki au pini, si valvu.

Mwisho, jaza oili, nyingi zikiwa namba 46 kama kitabu cha gari hakisemi vinginevyo. Pima bodi ikiwa chini kabisa. Ukijaza tangi bodi ikiwa juu, zile lita 70 zilizo ndani ya jeki zitarudi na kumwagikia gia boksi na tairi.